Mgombea anapopewa maikrofoni mbele ya altare: sisi Wakristo wa Bukavu tufanye nini na siasa?

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Jambo yenu wote. Huu uzi umetokana na mabishano ya kwenye shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya mtaa, ambayo hayakwisha. Watu walirudi nyumbani wamenuna. Wapo waliosema Mkristo akae mbali na siasa, ni uchafu mtupu. Wapo waliosema padri au mchungaji atuambie tu tumchague nani, mambo yaishe. Mimi nakataa yote mawili na nitaeleza sababu. Ni maandishi marefu, mnivumilie.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu tulilishuhudia kwenye kampeni ya 2023. Jumapili, ibada imefika kwenye matangazo. Mgombea anaingia amechelewa, na watu wake wamevaa fulana zenye sura yake. Wanapelekwa viti vya mbele, akina mama wazee wanaambiwa wawapishe. Anapewa maikrofoni asalimie tu. Anasalimia mpaka watoto wanalala mapajani mwa mama zao. Anasema Mungu amemwonyesha, anataja mabati, anataja kinanda cha kwaya, kisha bahasha inawekwa mezani watu wote wakiona. Mtumishi wa Mungu anamwekea mikono. Jumapili inayofuata anakuja wa chama kingine, naye anawekewa mikono ileile. Sitaji kanisa, na wala si moja.

Mabati hayaniumi. Kinachoniuma ni kwamba kuanzia siku ile kanisa lile limepoteza ulimi. Yule bwana akila makuta (fedha) ya barabara, litasema nini? Nathani alimwendea Daudi akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo." Angepata wapi uso wa kusema hivyo kama nyumba yake ingekuwa imeezekwa na Daudi?

Na msinielewe kwamba nataka Kanisa likae kimya. Sisi wa Bukavu ndio wa mwisho kutamka hivyo. Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa hapa Nyawera jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996. Wenye bunduki na vyeo walikuwa wameshakimbia, yeye akabaki na watu. Kabla ya hapo alikuwa ameandika barua baada ya barua kwa mataifa, akiwatetea wakimbizi wa Rwanda na wenyeji wa Kivu kwa pamoja, akionya kwamba vita inakuja. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 alisema waziwazi kwamba nchi za kigeni, zikisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, zinaendesha vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe. Mwezi wa pili wa 2000 wakuu wa RCD, waasi waliokuwa wanatawala mji wetu, wakamzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Alirudi kwetu tarehe 14 Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafia Italia. Mwezi haukutimia tangu tumpokee.

Hao wawili waliongea siasa kuliko wabunge wetu wote, na hakuna aliyeweza kuwaambia "unasema hivyo kwa sababu fulani alikupa." Hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa.

Lakini kuna kosa tunalofanya tukiwakumbuka. Tunafanya imani katika mambo ya leta (serikali) iwe kazi ya askofu. Yeye aandike barua, yeye afukuzwe, yeye auawe. Sisi tutapiga makofi na kumwekea maua kaburini. Ndiyo maana nataka mnisikilize juu ya kijana wa ng'ambo ya ziwa, Floribert Bwana Chui wa Goma.

Alizaliwa 1981, akasoma sheria, akaajiriwa na OCC, ofisi ya leta inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuangalia mizigo iliyoharibika. Nje ya kazi alikuwa na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, wakiwafundisha watoto wa mitaani. Mwaka 2007 ukaja mzigo wa mchele mbovu. Wenye mzigo wakamletea matabishi (rushwa) ili aupitishe, akakataa. Akashinikizwa na watu wenye mamlaka, akakataa tena. Tarehe 7 Julai akatekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Kanisa limemtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025, ibada ikafanyika Roma kwa sababu Goma haikuwezekana.

Angalieni kilichomuua: karatasi moja, saini, muhuri. Watu wa Goma ambao hawakumjua hata jina wangekula mchele ule, wangewapa watoto. Hiyo ndiyo siasa ya Mkristo ninayoitaka mimi, na ukweli ni kwamba kwenye mahubiri yetu siisikii. Tunasikia uzinzi, tunasikia zaka, tunasikia wachawi. Juu ya mtu anayeuza muhuri wa leta, kimya.

Semeni. Na mniambie pia kanisa lenu lina utaratibu gani wagombea wakija.

Motari wa Feu Rouge

Kwetu mgombea alileta fulana na mafuta ya pikipiki, na mzee wa kanisa ndiye aliyegawa, akiandika majina. Ambaye si mshiriki hakupata. Vijana wengine walitoka hapo wakisema wamejua sasa Mungu yuko chama gani. Niliudhika sana.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Mwanangu wa Nyawera, umeandika vizuri, lakini hujakaa chini ya bati linalovuja. Kanisa letu lilikuwa linavuja hivi kwamba mvua ya mwezi wa kumi na moja ikinyesha, watoto wa katekisimu walijibana kwenye ukuta mmoja na vitabu wameviweka chini ya nguo. Tulichanga. Wajane walichanga, wauza ndizi walichanga, mimi niliuza kitenge cha harusi ya binti yangu. Haikutosha. Akaja mgombea na mabati, na misumari juu. Ulitaka tumwambie arudi nayo?

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Mama, asante. Na kitenge hicho Mungu amekiona.

Sikutaka arudi nayo. Ningetaka mabati yapokelewe siku ya kazi na mtunza hazina, yaandikwe kwenye daftari lilelile mlimoandika mia tano za mjane, na Jumapili yasomwe pamoja na michango mingine, jina lake katikati ya majina, bila cheo. Maikrofoni ibaki kwa wasomaji na viti vya mbele vibaki kwa mama wazee.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Kwa masharti hayo asingeyaleta.

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Basi mama, tumejua alikuwa ananunua nini.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Nimekusikia. Lakini watoto wangeendelea kunyeshewa, hilo nalo liandike.

Mtumishi wa Neno

Bwana asifiwe wapendwa. Nasoma nikihuzunika. Bwana Yesu alimwambia Pilato ufalme wake si wa ulimwengu huu. Warumi 13 inasema kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Kazi yetu ni kuomba. Sisi tumefunga na kukesha kwa ajili ya Kivu, na tunaamini. Mmetaja maaskofu, je, wale waliotolewa barabarani kuandamana 2017 na 2018 wakapigwa risasi mbele ya parokia zao, damu yao ilileta nini? Mchungaji akiwapeleka kondoo mbele ya bunduki atajibu nini siku ile? Silaha zetu si za mwili. Tuhubiri Injili, mtu akibadilika moyo, nchi itabadilika yenyewe.

Mwalimu wa Bagira

Mtumishi, nakuheshimu, na mimi ni Mprotestanti kama wewe, kwa hiyo nitakujibu kwa Biblia tuliyolelewa nayo.

Huyo Paulo aliyeandika Warumi 13 ndiye aliyekuwa Filipi (Matendo 16). Walimpiga bila hukumu, wakamtia gerezani, asubuhi wakataka kumtoa kimyakimya. Akakataa. Akasema sisi ni raia wa Rumi, tumepigwa mbele ya watu wote bila kuhukumiwa, sasa wanatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakuu wakaja. Huyo ni mtu aliyekuwa ameimba nyimbo za sifa usiku wa manane na asubuhi akadai haki yake ya uraia. Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Kwa Paulo kutii mamlaka hakukumzuia kuikumbusha mamlaka sheria yake yenyewe.

Juu ya damu iliyomwagika. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitoka na Biblia, rozari na matawi kudai Kongamano Kuu la Taifa, mkutano wa kuivusha nchi kuelekea demokrasia, lifunguliwe, baada ya serikali kulifunga mwezi wa kwanza. Askari walifyatua, makumi ya watu walikufa. Mwezi wa nne kongamano lilifunguliwa. Yale ya 31 Desemba 2017, 21 Januari na 25 Februari 2018 yaliitishwa na walei, si maaskofu: kamati ya walei Wakatoliki, CLC, akina profesa Ndaywel, mwanahistoria. Walidai makubaliano ya 31 Desemba 2016, kwamba uchaguzi ufanyike na rais Kabila asigombee tena, yaheshimiwe. Waandamanaji kama kina Rossy Mukendi walikufa. Agosti 2018 Kabila alimtaja mtu mwingine agombee badala yake. Siwezi kusema maandamano peke yake ndiyo yaliyofanya hivyo, lakini huwezi nawe kusema hayakuleta kitu. Damu ile inaniuma kama inavyokuuma. Naikataa tu ile hesabu inayomwacha mfyatuaji kando na kumdai aliyeshika rozari.

Sasa sisi Waprotestanti tujitazame. Tarehe 31 Desemba 1971 Mobutu alitoa sheria ya kutambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu na letu, Kanisa la Kristo, lililokuwa limeunganishwa mwaka uliotangulia. Tuliopata kibali tulifurahi. Mwaka uliofuata akapiga marufuku majina ya Kikristo, kardinali Malula akapinga, akalazimika kwenda Roma. Uongozi wetu ulikuwa upande gani? Ulikuwa karibu na Mobutu. Halafu 1974 shule zote zikachukuliwa na leta, zetu pia. 1977 zikarudishwa kwa makanisa kwa mkataba kwa sababu leta ilishindwa kuziendesha. Nafundisha kwenye shule mojawapo ya hizo. Kanisa lililonyamaza halikuachiwa hata shule zake.

Mwana wa Kigoma

Habari za ng'ambo. Samahani kuingilia, niko Tanzania. Nimesikia kwamba huko kwenu madhehebu ya dini ndiyo yanayomchagua mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Ni kweli? Mbona kwetu kitu hicho hakiwezi hata kufikirika.

Mwalimu wa Bagira

Karibu, ndugu. Ni kweli, madhehebu manane yanakaa na kukubaliana jina la kupeleka bungeni, Waislamu wakiwemo. Mwaka 2021 hawakukubaliana: Wakatoliki na Kanisa la Kristo walimkataa Denis Kadima, sita waliobaki wakampendekeza, na ndiye aliyeteuliwa.

Na zamani ilikuwa zaidi ya hapo. Uchaguzi wa 2006 uliongozwa na padri, abe Malu Malu. Ule wa 2011 uliongozwa na mchungaji wa Kimethodisti, Ngoy Mulunda. Kwenye serikali ya mpito ya 2003 hadi 2006 spika wa Seneti alikuwa mkuu wa kanisa letu, Marini Bodho. Matokeo ya 2011 yalipotoka, kardinali Monsengwo akasema hayalingani na ukweli wala haki. Fikiria hapo: mtu wa Mungu anatangaza, mtu wa Mungu anakanusha, na muumini wa kawaida ameshika kadi yake ya kupigia kura hajui amwamini nani. Mimi ningetaka viongozi wa dini watoke kabisa kwenye kuchagua mwamuzi. Kuwa mashahidi wa kura, ndiyo. Kuwa waamuzi, hapana.

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Hapo mwalimu nakuunga mkono mia kwa mia, na niongeze. Kilichofanyika vizuri ni kile cha 2018. Kanisa Katoliki lilipeleka waangalizi karibu 40,000 vituoni. Watu wa parokia: mkatekista, muuguzi, mwanafunzi. Sheria inataka karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni pa kituo; kazi yao ilikuwa kuisoma usiku ule na tochi ya simu, kunakili hesabu na kuituma. Tarehe 3 Januari 2019 maaskofu wakasema wanajua nani ameshinda. Hawakutaja jina, na hapo wengi tuliumia, tulitaka jina. Tume ikatangaza yake. Sitafungua mjadala ule tena. Ninachosema ni kwamba yule mkatekista aliyesimama na tochi mbele ya mlango alifanya tendo la imani sawa na kusoma somo la kwanza. Hakuambiwa ampigie nani. Aliambiwa ahesabu bila kudanganya.

Na kwako Mtumishi, maombi yenu siyadharau, mama yangu mwenyewe ni mtu wa kukesha. Naomba tu baada ya kukesha mmfuate muumini wenu aliye kwenye kizuizi cha barabarani mumuulize analipisha nini wauza mkaa wanaopita. Watoza ushuru na askari walimwendea Yohana wakamuuliza tufanye nini. Hakuwaambia wakafunge. Soma Luka 3: msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa, msidhulumu mtu, mtoshewe na mishahara yenu.

Mtumishi wa Neno

Mtoshewe na mishahara yenu. Na asiyelipwa mshahara?

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Hilo ni swali la kweli, Mtumishi, na hapo ndipo Kanisa linapotakiwa kupiga kelele kwa leta: mlipeni askari, mlipeni mwalimu. Ukimwambia mtu asiibe, msaidie pia kudai mshahara wake. La sivyo tunamtwisha mzigo mnyonge peke yake.

Binti wa Panzi

Mimi nina swali linalonisumbua. Daktari Mukwege, anayetibu wanawake waliobakwa vitani, ni mtoto wa mchungaji wa hapa Bukavu. Hospitali yake ya Panzi ni ya kanisa la Kipentekoste, CEPAC. Tuzo ya Nobeli ya 2018 tulicheza barabarani. Mwezi wa kumi 2023 akasema anagombea urais, na hakufika hata asilimia moja ya kura nchi nzima. Makanisa yetu yanamtaja kwenye mahubiri kila mwaka. Kura zilikwenda wapi? Naona tunampenda mtu mwema akiwa kwenye chumba cha upasuaji. Akisema nataka kubadilisha kinachowaleta wanawake kwenye hicho chumba, tunamwambia wewe siasa hujui.

Motari wa Feu Rouge

Dada, alichelewa. Wenzake walianza kugawa miaka kabla. Na hakugawa.

Binti wa Panzi

Na hakugawa. Basi tatizo liko kwetu tuliokuwa tunangoja tugawiwe.

Niko Ofisini

Nimesoma yote. Sitasema niko ofisi gani wala wapi, mtaelewa.

Mnaongea uchaguzi, mimi naongea leo. Tangu Februari 2025 mji wetu uko mikononi mwa waasi wa M23. Benki zimefungwa. Mkubwa wangu amebadilika, karatasi zimebadilika kichwa. Nimebaki kazini kwa sababu watu bado wanazaa, wanakufa, wanahitaji cheti. Upande mmoja naambiwa mimi ni msaliti. Upande mwingine naangaliwa kama siaminiki. Nikiacha, nyumbani hakuliki. Floribert alijua mchele ni mbovu, jambo lilikuwa wazi. Mimi silioni wazi. Mkristo abaki au aondoke? Nisaidieni, lakini bila kunihubiria ushujaa, tafadhali.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Mwanangu, pole. Mimi niliishi miaka ya RCD hapa. Baba Kataliko alipozuiwa, mji ulisimama: shule zilifungwa, maduka yalifungwa, tulikaa nyumbani na vilio. Lakini baada ya siku hizo, maisha yaliendelea chini ya watu walewale, na wakunga waliendelea kuandika watoto kwenye vitabu. Hakuna aliyemlaumu mkunga. Waliolaumiwa, na wanajulikana mpaka leo, ni waliokuwa wanaonyesha nyumba za watu usiku.

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Ndugu wa ofisini, nimekaa na swali lako tangu jana. Sitakuambia ondoka wala baki. Siye mimi nitakayewalisha watoto wako. Nitakuambia ninavyoona mimi.

Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, chini ya mfalme ambaye hawakumchagua. Akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji ule, kwa maana katika amani yake nao watapata amani. Wale watoza ushuru wa Luka 3 nao walikuwa wanafanya kazi chini ya utawala wa kigeni, na Yohana hakuwaambia waache. Kwa hiyo cheti cha mtoto, mwandikie. Cheti cha kifo, mwandikie. Huyo mama aliyekuja na kichanga mgongoni si wa upande wowote.

Lakini soma na 1 Wafalme 21, shamba la Naboti, na usimwangalie Ahabu wala Yezebeli, waangalie wazee wa mji. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee. Wazee wale hawakuwa na ugomvi na Naboti, alikuwa jirani yao. Walipokea barua yenye muhuri, wakatii, jirani akapigwa mawe, shamba likachukuliwa. Naboti aliuawa na watu wa ofisini. Siku itakapokuja mezani kwako karatasi ya kumnyang'anya mtu parseli (kiwanja) yake kwa sababu amekimbia, au orodha ya majina ambayo hujaambiwa ni ya nini, hapo ndipo mchele ulipo mbovu. Unaweza usijue neno la kusema, unaweza kuumwa ghafla siku hiyo, unaweza kuchelewesha. Kukataa kwa hila nako ni kukataa. Wakunga wa Misri walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema.

Na usiwe peke yako. Floribert alikuwa na jumuiya. Tafuta wawili watatu unaowaamini, msali pamoja, wajue unakaa wapi.

Mwalimu wa Bagira

Naongeza neno moja kwa wanaowashutumu maaskofu na wachungaji kwa sababu ujumbe wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, na Kanisa la Kristo ulikwenda Goma Februari 2025 kuongea na AFC/M23, yaani M23 na muungano wake wa kisiasa, kisha Kigali. Wamewaita wasaliti. Mpatanishi anakwenda kwa mwenye bunduki kwa sababu bunduki iko kwake. Kitu cha kuwapima ni kama wanasema maneno yaleyale Goma, Kigali na Kinshasa. Na mara hii Wakatoliki na Waprotestanti wanakwenda pamoja, tofauti na enzi nilizozieleza juu. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Niko Ofisini

Asanteni. Mama, hilo la mkunga limenishika. Ile sura ya 21 nimeisoma yote. Parseli za waliokimbia zimeshaanza kuulizwa. Nitanyamaza hapa kwa muda.

Mtumishi wa Neno

Ndugu, taja herufi ya kwanza tu ya jina lako kwa faragha, tutakubeba kwenye maombi bila kusema kwa nini. Na kwa wote: hili la kizuizi cha barabarani nimelichukua. Yuko mmoja kwetu. Nitaongea naye.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Mwana wa Nyawera, masharti yako ya mgombea yaandike mafupi, nataka kuyapeleka kwenye baraza la parokia kabla kelele za kampeni hazijarudi.

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Haya mama, rasimu hii, irekebisheni:

Mgombea ni mwamini kama wengine: anaingia, anakaa panapopatikana, anasali. Haongei kabla, wakati wala baada ya ibada ndani ya eneo la kanisa. Fulana na bendera za chama zinabaki nje ya geti. Zawadi yoyote inapokelewa na mtunza hazina siku ya kazi, inaandikwa daftarini, inasomwa na nyingine bila cheo. Kuanzia kampeni inapofunguliwa mpaka matokeo yatangazwe, zawadi ya mgombea haipokelewi kabisa. Padri, mchungaji, mkatekista au mzee wa kanisa anayegombea anaacha kazi ya kanisa kwanza. Parokia inafundisha waangalizi wa kura kutoka kila shirika, na hawaulizwi wanampigia nani.

Mama wa Kwaya, Kadutu

Ongeza: hata akiwa ni mtoto wa kanisa hilihili, aliyebatizwa hapa. Kwetu ndiye anayesumbua zaidi. Na andika nani atamsimamisha mlangoni, maana wote tutaogopa.

Mwana wa Nyawera (mwenye uzi)

Nimeongeza la kwanza. La pili, nadhani wasimame watatu wa baraza, mmoja akiwa mama. Utakubali kuwa mmojawapo?

Mama wa Kwaya, Kadutu

Niandike.